Mnanaa wa Mama Zuhura na Neno Nililokutia Mdomoni

Maisaka, Babati
Saa tisa alasiri

Mwanangu Magdalena,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia huko ndani ukibishana na mama yako kuhusu blanketi. Yeye anasema Dodoma usiku kuna baridi, wewe unasema sanduku limejaa. Mimi nimekaa huku nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta, karatasi nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, na makopo yangu yamenizunguka. Jua ni kali bado. Majani ya mnanaa yamelala kama yaliyofiwa, na sijayapa hata tone. Miaka saba iliyopita ningekuwa nimeshayamwagia, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukuandikia.

Mambo ya nauli, sabuni, kuwasalimia walimu na kutokuazimisha nguo zako ovyo, mama yako ameshayasema na atayarudia kesho alfajiri stendi. Sitaongeza. Nimechagua barua kwa sababu mimi ni mwoga. Nikikutazama usoni nitaanza vizuri, halafu nitaingiza habari za mvua, na mwisho nitakuuliza kama umekula.

Jana jioni Mama Zuhura alivuka barabara akiwa na kopo mkononi, amelizungushia kipande cha gunia kilicholoa, na ndani kuna shina la mnanaa. Akakupa. Akasema mbele yangu, "Chukua, Magda. Wewe una mkono wa kutunza." Ukacheka, ukapokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa naosha miguu. Nikaendelea kuosha mguu uleule mmoja mpaka maji yakaisha, maana sikujua nitazame wapi. Kama kuna mtu Babati nzima aliyekuwa na sababu ya kutokukupa wewe mmea utunze, ni Mama Zuhura. Na sababu hiyo niliitengeneza mimi.

Ulikuwa darasa la nne. Mkoa ulikuwa mpya, na kila mtu hapa mjini alikuwa akijenga au akipangisha chumba. Sisi tulikuwa tumeshuka kutoka Mbulu mwaka mmoja kabla. Mama yako alipata kipande cha kulima Mutuka, mimi nikapata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye jengo lililokuwa likiinuliwa. Nililinda kokoto na mifuko ya saruji. Nilirudi alfajiri, nikalala, nikaamka saa sita au saa saba mchana. Ishike saa hiyo, kwa sababu kosa lilianzia hapo.

Mama Zuhura alikuwa na duka lake hapo ng'ambo, na asubuhi aliuza chai. Wageni wa ofisini waliipenda kwa ajili ya mnanaa. Kibarazani kwake palikuwa na makopo sita au saba: mrehani, giligilani, mchaichai, na debe moja la mnanaa lililokaa kwenye kona ya kivuli peke yake. Ule mnanaa ulitoka uani kwa mama yake, Tanga. Siku Mama Zuhura alipoolewa na kuletwa huku bara, mama yake alikata shina, akalifunga kwenye kitambaa kibichi, akamwambia alipande popote atakapofikia. Alitusimulia hayo zaidi ya mara moja, nawe ulikuwa ukipenda kuisikia ile sehemu ya kitambaa.

Basi mwezi wa kumi, kabla ya mvua za vuli, joto likiwa limekaa mji mzima, zikaja habari kwamba mama yake amefariki. Alisafiri siku hiyohiyo, na alikuwa akae huko mpaka arobaini. Makopo akatuachia sisi. Alisimama pale mlangoni kwetu, macho yamevimba, na bado akapata nguvu ya kunieleza. "Yaacheni palepale kibarazani, Baba Magda. Maji asubuhi tu, kabla jua halijachomoza. Mchana yatalala, msishtuke, jioni yatainuka. Na mchume, msione haya. Usipochuma yanazeeka."

Nilimjibu, "Hakuna shida, mama, sisi ni watu wa shamba."

Hilo jibu bado naona haya nikilikumbuka. Mtu amefiwa na mama yake, ananipa maelezo matatu, nami namwambia sisi ni watu wa shamba. Moyoni nilisema, huyu mama wa dukani atanifundisha mimi kumwagilia kopo? Nimelima ngano na vitunguu saumu tangu sijaota ndevu. Lakini Mbulu kuna ukungu, Magda. Kule hata ukisahau kopo juu ya bati, asubuhi unakuta limelowa lenyewe. Nilikuwa sijui jua la huku, na nilikuwa sijui kwamba sijui.

Kosa la kwanza, niliyahamisha. Niliona uvivu kuvuka barabara, nikayapanga kwenye ukuta wetu unaotazama magharibi, nikasema mimea inataka jua. Makopo ya bati, kwenye ukuta wa saruji, jua la saa nane. Ukiweka kidole kwenye kopo lilikuwa linaunguza. Sikujiuliza mizizi iliyomo ndani inajisikiaje.

Kosa la pili ni lile la kuchuma. Hili wewe ulilijua kuliko mimi. Ulikata vile vichwa vya mrehani, viwili tu, kama Mama Zuhura alivyokuonyesha, ukavileta jikoni. Nilikugombeza. Nikasema mali ya watu haiguswi. Ukasema, "Baba, si alisema tuchume?" Nikasema ile ni adabu tu ya maneno. Kwetu mtu akikupita unakula unamwambia karibu, naye anasema asante, endelea, na kila mmoja anajua hakuna aliyekusudia kugawana ule ugali. Nikadhani "mchume" yake ni "karibu" ya namna hiyo. Kumbe ilikuwa maagizo. Mrehani ukatoa maua, shina likawa gumu kama kijiti, majani yakabaki madogo machungu. Giligilani ikarefuka ndani ya wiki moja, ikaweka mbegu, ikaisha. Nami nilijiona mtu mwaminifu sana kwa kutokugusa.

Kosa la tatu ndilo lililoua. Kazi ya maji nilikupa wewe, nawe uliifanya. Kila asubuhi kabla ya shule, kikombe kimoja kila kopo, polepole, baada ya kuchomeka kidole kwenye udongo. Lakini mimi niliamka saa saba, natoka nje, naona majani yamelala. Nikasema, huyu mtoto hajamwagilia. Nikachukua lile dumu lililoshinda juani, maji yake ya moto kiasi cha kuogeshea mtoto mchanga, nikamimina mpaka makopo yakafurika. Kesho yake hivyohivyo. Uliporudi shule siku moja ukachomeka kidole chako ukaniambia, "Baba, udongo umeloa bado." Nakumbuka nilivyokujibu. Nilisema, "Unanifundisha kulima?"

Hukurudia tena.

Siku mbili kabla Mama Zuhura hajarudi, niliinua lile debe la mnanaa nikalipindua. Yalitoka matope. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza kama mlenda, na ilinuka. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na udongo uliogandamana. Hapo nilielewa kila kitu, mwanangu. Nataka ujue hilo, kwa sababu mtu anaweza kusema baba hakujua. Nilijua. Nilijua kwamba wewe ulimwagilia vizuri na kwamba mimi niliuchemsha mnanaa wa marehemu mchana kweupe. Nikarudisha matope ndani ya debe, nikaliegemeza ukutani.

Mama Zuhura akarudi. Hakuingia hata kwake, alikuja moja kwa moja kwetu kutusalimia, kanga ya msiba bado iko begani. Akayaona makopo. Alisimama muda mrefu mbele ya lile debe. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejisemea tu, "Dada yangu alitaka kunikatia shina jingine. Nikamwambia la nini, mimi ninalo Babati." Nyumba ya mama yao ilikuwa inagawanywa, na ule ua ulikuwa umeshafyekwa. Halafu akageuka kwangu. "Kumetokea nini, Baba Magda?"

Ulikuwa unatoka bombani, ndoo kichwani. Nilikuona ukiingia. Nikasema, "Ni huyu mtoto. Kazi ya maji nilimwachia yeye. Si unajua watoto, wanasahau."

Nikakugeukia. "Mwombe mama msamaha. Mwambie ulisahau."

Ulitua ndoo. Hukuimwaga hata kidogo, nakumbuka. Ulinitazama mara moja, si kwa hasira, ulinitazama kama mtu anayesoma neno gumu ubaoni. Halafu ukapiga goti. "Shikamoo, Mama Zuhura. Nisamehe. Nilisahau."

"Marahaba," akasema. "Nimekusamehe, mwanangu." Akainama, akachota udongo kidogo kwenye debe, akausugua kwa vidole.

Jioni mama yako aliporudi Mutuka akasikia, alikugombeza mpaka ukalia. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakula.

Ningependa kukuambia kwamba nilikosa usingizi. Nililala. Aibu haikuja siku ile, ilikuja kidogo kidogo, na wewe ndiye uliyeniletea bila kujua. Kwa sababu lile neno lilibaki mdomoni mwako. Kikombe alichovunja mdogo wako, ulisema ulisahau kukiweka juu. Mbuzi wa jirani alipokula mahindi, ulisema ulisahau kufunga, na geti lililoachwa wazi nililiacha mimi. Kidato cha pili, ufunguo wa stoo ulipopotea shuleni, kiranja wa zamu alikuwa mwenzako, lakini mwalimu alipouliza, wewe ndiye uliyesema umesahau ulikouweka. Niliitwa shuleni. Mwalimu akaniambia, "Mzee, binti yako ni mzuri, lakini msahaulifu sana." Nilikaa kwenye kile kiti nikiitikia kwa kichwa. Wewe, ambaye hujawahi kusahau tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote katika nyumba hii.

Sasa unakwenda kusomea uuguzi. Ndiyo maana siwezi kungoja likizo. Wodini, dawa ikikosa kutolewa, kutatafutwa aliyesahau. Kutakuwa na mtu mkubwa, amechoka, anaogopa, kama nilivyoogopa mimi, na atatazama huku na huku amwone msichana mpole aliyezoea kupiga goti. Nimefikiria jambo hilo wiki nzima. Nakuona ukisema lile neno, na safari hii siyo mnanaa.

Kwa hiyo leo, kabla ya kuandika, nilivuka barabara. Ilikuwa saa saba, saa yangu ileile. Mama Zuhura alikuwa kibarazani akipepeta mchele. Nilizunguka kidogo, nikasifu mchaichai wake, nikauliza habari za Zuhura na watoto. Akaniacha nizunguke. Mwisho nikasema, "Mama Zuhura, yale makopo."

"Makopo gani?"

Alijua makopo gani. Alitaka niseme. Nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na dumu na ile ya kupindua debe. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mmea uliokufa kwa kiu, udongo wake unakauka unaachana na kopo, ukiuvuta unatoka mzima kama mkate. Wangu ulikuwa matope, unanuka. Mtoto aliyesahau maji anapata wapi matope?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Baba Magda? Nimwambie mtoto mbele yako kwamba baba yake ni mwongo? Nilikuwa nimetoka kuzika. Nikasema, atakuja mwenyewe kesho. Nikangoja kesho nyingi, kisha nikachoka kungoja."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga goti, Magda, mimi na magoti yangu haya. Hakunizuia. Alipepeta mara mbili tatu, akatoa mawe, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka hapa. "Msamaha wa ule mnanaa nilishautoa. Nilimpa mtoto wako, na hakuwa na kosa. Sina mwingine. Nenda kamwombe yeye, ndiye anao."

Basi nimekuja kwako.

Sikuombi kwa kujitetea. Nimejaribu kujilipia kwa njia zangu. Unaona uani hapa palivyo. Miaka yote hii nimejifunza kwa kuchungulia kibaraza cha Mama Zuhura, kama mwizi wa elimu, maana sikuwa na uso wa kumwuliza. Watu wakipita wananiambia Baba Magda una mkono mzuri, mrehani wako unastawi hata mwezi wa kumi. Kila wakisema natamani waache. Mkono huu unajua kwa sababu uliua.

Na kwa kuwa umebeba lile kopo, na Dodoma jua lake si la mchezo, nikuambie ninachokijua, ingawa mengi wewe ulikuwa umeshayajua ukiwa na miaka kumi. Usiliweke kwenye saruji, liweke juu ya vijiwe viwili ili upate upepo chini na matundu yasizibe. Jua la asubuhi linautosha, likianza kupanda usogeze kivulini. Lile gunia ukishalifungua ulirudishie, bati likipata jua linapika. Ukipata ndoo iliyopasuka, uhamishie humo, maana udongo mwingi hauchemki upesi. Tandika nyasi kavu juu. Maji ni alfajiri, polepole, mpaka yachuruzike chini, halafu basi. Ukirudi mchana ukaukuta umelala, chomeka kidole kwanza. Kama ndani kuna unyevu, uache. Haufi, unajifunika tu, na jioni utasimama. Na uchume. Kata vichwa mara kwa mara, hata kama huna chai ya kuweka, mpe jirani. Ukiuonea huruma unazeeka.

Nimechelewa sana kuelewa kwamba hata wewe nilikufanyia hivyohivyo. Nilikuona umeinama nikadhani una upungufu, nikakumiminia maneno ya moto. Hukuwa na upungufu wowote. Lilikuwa jua tu, na mimi ndiye niliyekuweka kwenye ukuta ule.

Mama yako nitamweleza kesho, mara basi lako likiondoka. Atanuna mwezi mzima na ni haki yake. Mwalimu yule alishahama, vinginevyo ningemfuata. Likizo, ukivuka kumsalimia Mama Zuhura, usipige goti la kuomba chochote. Msalimie, muage, uondoke umesimama.

Huko uendako, likitokea kosa na ni lako, liseme upesi, siku hiyohiyo, usifanye kama mimi. Lakini kama si lako, nakuomba, kaa kimya angalau mpaka uhesabu kumi. Hata kama anayekutazama ni mkubwa. Hata kama anakuhurumia. Hata kama ana sura kama ya baba yako.

Nitaifunga barua hii kwa nailoni isiloe, niiweke kati ya gunia na bati, uikute ukishafika na kulifungua gunia ulilowanishe upya. Najua hapo hutaweza kurudi kunijibu usoni, na hilo nalo ni woga, nimeliona. Utaniandikia. Na kwa kuwa nakujua, najua hata utakavyoanza. Utataka kunipunguzia mzigo. Utaandika kwa ule mwandiko wako mzuri, Baba usijali, hayo mbona mimi nilishasahau.

Andika kwamba umenisamehe, au andika kwamba bado, nami nitangoja kama Mama Zuhura alivyoningoja. Lakini hilo neno, mwanangu, usinipe tena. Ni langu. Nirudishie.

Baba yako,
aliyekumbuka